“Mshipa umeshtuka, nifanyeje?” Tuelewane kuhusu ushauri wa maumivu tunaopeana wakimbiaji

Mwaka jana, siku moja baada ya Isha, kijana mmoja wa grupu letu la kukimbia hapa Amu, kisiwani Lamu, aliandika hivi: “Assalam aleikum jamaa, mshipa wa mguu umeshtuka hapa mbele, nikikimbia wauma, na Jumamosi nataka twende Shela pamoja, nifanyeje?” Kabla chai yangu haijapoa majibu yalikuwa yashapita ishirini. Weka barafu. Usiweke barafu, weka maji moto na chumvi. Nenda kwa mzee fulani akukande na mafuta ya nazi. Chukua sindano ya diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kesho uko sawa. Ni viatu hivyo, tupa. Pumzika wiki mbili. Usipumzike, ukipumzika mwili unalala, kimbia polepole tu. Na mimi nikaandika langu, nayakumbuka maneno yenyewe: “Hiyo ni shin splinti tu, hata mimi niliwahi kuwa nayo, kimbia mchangani itaisha.”

Niliandika kwa nia safi, na wenzangu wote waliandika kwa nia safi. Lakini katika majibu yale yote hamna hata mmoja aliyemuuliza swali. Wapi hasa? Tangu lini? Umeongeza nini wiki hizi? Kila mtu alikuwa anajibu mguu wake mwenyewe, ule uliowahi kumuuma yeye, sio mguu wa yule kijana. Kilichompata nitakieleza hapo chini, ila kwanza tufungue hili fundo taratibu, manake kila wiki naona swali kama lile na majibu kama yale, na watu wanaumia zaidi kwa sababu yetu.

Tuanze na hili neno mshipa

Kiswahili chetu kina utamu wake lakini hapa kinatuchanganya. Mshipa ni mshipa wa damu, mshipa pia ni ule wa fahamu, mtu akivutika msuli anasema mshipa, akiumwa kano anasema mshipa, na wazee wakisema fulani ana mshipa wanamaanisha ngiri. Sasa ukiandika “mshipa umeshtuka” watu ishirini wanasoma vitu vitano tofauti, na kila mmoja anajibu alichosoma yeye.

Kwa mkimbiaji kuna vitu vinne vya kutofautisha, na aliyewahi kuchuna mbuzi ashaviona vyote. Msuli ni ile nyama nyekundu, ndiyo inayovuta. Kano ni ile kamba nyeupe ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa, na iliyo nene kuliko zote ni ya nyuma ya kisigino, pale pale ambapo mchinjaji anatoboa akapitisha ndoano kumtundika mbuzi mzima na haikatiki. Ligamenti inafanana na kano lakini yenyewe inafunga mfupa kwa mfupa kwenye kiungo, na mtu akisema ameteguka kifundo cha mguu mara nyingi ndiyo iliyovutika au kuchanika. Alafu kuna mfupa wenyewe.

Kwa nini ujisumbue kutofautisha? Kwa sababu kila kimoja kinapona kwa saa yake. Msuli umejaa damu, ukivutika kidogo wiki chache unakuwa sawa. Kano inapata damu kidogo, inataka miezi, na cha ajabu inataka kazi ndio ipone. Mfupa ulioingia ufa unataka kinyume, uachwe kupigishwa kabisa kwa muda, mara nyingi wiki 6 mpaka 8 na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo “kimbia polepole” ni ushauri ambao unaweza kumfaa mwenye kano na ukamvunja mwenye ufa, na wote wawili waliandika neno moja, mshipa.

Punda alibeba nini jana

Hapa kwetu mtu akimkuta punda wake anachechemea asubuhi, hamna anayeanza kuuliza apakwe mafuta gani. Anaanza kuwaza jana alibebeshwa nini, mawe au mchanga, safari ngapi kutoka bandarini, na nani alikuwa naye. Punda hasemi, basi unausoma mzigo. Sisi tunaoweza kusema tunaliruka swali hilo hilo, na ndilo lenye majibu mengi kuliko mengine yote.

Maumivu mengi ya kukimbia hayaji kwa ajali. Hukuanguka, hukugongwa, umeongeza tu mzigo kuliko mwili ulivyozoea. Labda ulikuwa unakimbia mara mbili kwa wiki ukaanza mara tano kwa sababu umejiandikisha mbio fulani, labda umehama kutoka lami ya Mombasa ulikokuwa unasoma ukaja kukimbia mchanga wa Shela, labda mazoezi ni yale yale lakini umelala masaa manne tu kila usiku kwa siku nne mfululizo. Na mwili una mtego mmoja ambao kila anayeanza anaingia: moyo na mapafu hupata nguvu haraka, wiki chache tu ushaona pumzi imekuwa nzuri na unataka kwenda mbali, kumbe mifupa na kano ziko nyuma sana, zenyewe zinahesabu miezi. Kwa hiyo siku unayojisikia una nguvu za simba ndiyo siku ya kuwa makini.

Watu wanapenda kutaja ile kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki kama vile imeandikwa kwenye jiwe. Mwaka 2008 kule Groningen, Uholanzi, wakimbiaji wapya 532 waligawanywa, wengine wakaongeza taratibu kwa hiyo asilimia 10, wengine wakafuata mpango wa kawaida wa wiki 8, na mwishowe kila upande karibu mmoja kati ya watano aliumia. Haina maana uongeze ovyo. Maana yake hamna namba moja inayomlinda kila mtu, lazima uangalie punda wako mwenyewe.

Ule muundi wa kijana wetu

Maumivu ya muundi ndiyo mfano mzuri kuliko yote, manake kuna mambo mawili yanayofanana sana ukiyaelezea kwa maandishi na yanaishia sehemu tofauti kabisa.

La kwanza ni ile tunayoita shin splinti. Uchungu unatambaa kwenye ukingo wa ndani wa muundi, ukibonyeza unauona umesambaa, upana wa vidole vitatu au hata zaidi. Inauma ukianza, pengine inapoa ukipata joto, inarudi baadaye. Inakera lakini ukipunguza mbio na kurudi pole pole inatulia.

La pili ni ufa wa mfupa. Hapa uchungu unakaa mahali pamoja, unaweza kuufunika kwa ncha ya kidole kimoja, ukibonyeza hapo mtu anaruka. Kadri unavyokimbia unazidi, haupoi, na ukikomaa unakuuma hata ukitembea kwenda sokoni, hata usiku umelala. Kipimo cha kidole sio kipimo cha hospitali, lakini kinatosha kukwambia usimame ukaonwe.

Ufa unatokeaje bila kuanguka? Angalia fundi anavyorudishia ukuta wa nyumba zetu hizi za mawe. Hapigi chokaa mpya juu ya mbovu, kwanza anabandua ile iliyooza, anakwangua mpaka kwenye jiwe, ndio apige mpya. Mfupa unafanya vile vile. Ukiupigisha kwa mbio, mwili unabandua sehemu iliyochoka alafu unajenga mpya, na pale katikati, kabla mpya haijakauka, ukuta uko dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ukimpa fundi nafasi, ukuta unatoka imara zaidi. Ukiendelea kuugonga kila siku wakati chokaa bado mbichi, unapasuka.

Kijana wetu alichagua ushauri uliokuwa rahisi kuliko wote, alipigwa sindano Ijumaa. Jumamosi alikimbia na sisi mpaka Shela na kurudi, anacheka, anasema imeisha. Haikuisha. Dawa ya maumivu haijui kurekebisha mfupa, inachofanya ni kuzima ile sauti iliyokuwa inakwambia simama. Wiki iliyofuata alikuwa anachechemea, akaenda kituo kimoja akapigwa eksrei, akaambiwa picha iko safi. Akaileta kwenye grupu, na sisi tukamwambia alhamdulillahi, basi ni msuli, endelea taratibu.

Hapa naomba usome polepole. Eksrei ya kawaida mara nyingi haioni ufa wa namna hii kwenye wiki mbili tatu za mwanzo. Ufa ni mwembamba mno, kinachoonekana baadaye kwenye picha ni ule mfupa mpya unaojengwa kuziba. MRI, ile mashine kubwa ya picha inayotumia sumaku, ndiyo inayouona mapema, na MRI kwa mtu wa Amu ni kuvuka kwa boti mpaka Mokowe, bara, na safari na pesa. Kwa hiyo “picha safi” kwa mtu mwenye uchungu wa nukta moja maana yake ni “bado haijaonekana”, haina maana “hamna kitu”. Picha ya pili, mwezi mzima baadaye, ilionyesha. Alikaa karibu miezi mitatu bila kukimbia, na mimi kila nikipita msikitini nikimwona amekaa barazani na mguu umenyooshwa, naliona lile neno langu, “tu”. Shin splinti tu. Hilo neno tu sikuwa na haki ya kulitumia.

Na huo mchango wangu wa “kimbia mchangani”

Nao tuuchambue, kwa sababu hapa pwani tunaamini mchanga ni dawa. Ni laini, kweli, kishindo kinapungua. Lakini kukimbia kwenye mchanga mkavu kunakula nguvu kama mara 1.6 ya kukimbia kwenye sakafu ngumu, hilo lilipimwa mwaka 1998, na kisigino kinapozama shavu la mguu na kano ya nyuma ndizo zinazolipa. Mwenye kano mbovu ukimpeleka mchangani umemuongezea.

Mchanga mgumu wa majini ni mzuri zaidi ila nao una mteremko. Ufuo wa Shela ni mrefu, kama kilomita 12, ukienda moja kwa moja bahari ikiwa upande mmoja basi mguu wa upande wa bahari uko chini muda wote na nyonga imelala. Wengi wanasema si shida, nikirudi mteremko unageuka. Ni kweli, ikiwa utarudi kwenye mchanga ule ule. Lakini ukitoka maji yamekupwa na ukarudi yanajaa, ile sakafu ngumu ishamezwa, unarudi juu kwenye mchanga laini ukiwa umechoka, na hapo ndipo watu wanaposema mshipa umeshtuka. Kwa hiyo mtu akiuliza kuhusu mguu hapa kwetu, muulize na maji yalikuwaje.

“Mimi ilinisaidia”

Hili ndilo shina la mkanganyiko wote. Mtu anasema kwa dhati kabisa: mimi niliumwa goti, nikapakwa mafuta fulani, likapona. Hasemi uongo. Lakini maumivu mengi madogo ya kukimbia yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, na mtu hutafuta dawa siku uchungu ukiwa juu kabisa, yaani siku ambayo hata asipofanya kitu kesho yake ungeanza kushuka. Chochote alichokishika mwisho ndicho kinachopata sifa. Ni kama mtu anayepiga dua maji yakupwe wakati yameshaanza kukupwa. Na wale ambao mafuta yale yale hayakuwasaidia hawaandiki, wamenyamaza au waliacha kukimbia zamani. Kwa hiyo ukisoma majibu ishirini unasoma waliopona peke yao.

Barafu kwa mfano. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika ile fomula ya pumzika, weka barafu, funga, inua mguu, ikaenea dunia nzima. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu ule uvimbe ni sehemu ya mafundi wa mwili kufika kazini. Barafu bado inapunguza uchungu kwa muda, ukiifunga kwenye kitambaa dakika kumi hivi hamna ubaya, ila haiponyi, na wanaogombana kuhusu barafu na maji moto kwa kweli wanagombania starehe.

Kukanda ni jambo lingine na hapa nasema kwa heshima kwa sababu tuna wazee wenye mikono mizuri. Msuli uliochoka na kukaza, kukandwa kunapendeza. Lakini kifundo kilichovimba saa ile ile, au mahali panapoweza kuwa na ufa, au shavu la mguu mmoja lililovimba na kupata joto lenyewe bila sababu, hasa baada ya kukaa kwenye basi kutoka Nairobi, hayo usiyakande. Hilo la mwisho linaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, mshipa wa damu wa kweli kweli, na bonge likihama likaenda kwenye mapafu linaua. Hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kifundo kilichoteguka kuna kipimo kizuri ambacho kila mtu anaweza kukijua, kilitengenezwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Je, anaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, saa ile alipoumia na tena anapofika kuonwa? Je, ukibonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya ile mifupa miwili inayotokeza pembeni mwa kifundo, panauma kwenye mfupa wenyewe? Na ule mfupa wa pembeni ya mguu upande wa kidole kidogo, au ule wa juu ya unyayo upande wa ndani, inauma ukiibonyeza? Kama hatua nne zinashindikana au mfupa unauma ukibonyezwa, apigwe picha. Kama sivyo, mara nyingi hakuna kilichovunjika. Maswali hayo yanamsaidia mtu kuliko majibu hamsini ya barafu.

Diklofenaki na Brufen nazo ziko kila duka la dawa na tunazimeza kama peremende. Zinakula tumbo, na ukiwa umepoteza maji kwa jua letu hili zinaumiza figo. Mtu anayekimbia kabla ya futuru akiwa amefunga, alafu anafungua kwa tende na kidonge, ana tumbo tupu na mwili mkavu kwa pamoja. Kumeza ili uweze kukimbia ndiko kubaya kuliko kote, hiyo ndiyo hadithi ya kijana wetu.

Kano, ngazi, na video moja inayotumwa kwa kila mtu

Mwaka 1998 daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walichukua wakimbiaji wa kawaida 15, watu wa kujifurahisha kama sisi, ambao kano ya nyuma ya kisigino ilikuwa imewashinda. Aliwapa zoezi moja: simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, shuka polepole na ule mguu mbovu kisigino kipite chini ya ngazi, panda kwa mguu usiouma, mara 15, awamu tatu, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Tafiti za baadaye hazikutoa matokeo mazuri kiasi hicho kwa kila mtu, lakini wazo lilibaki, kwamba kano iko hai na inataka mzigo uliopimwa. Ukiilaza wiki mbili uchungu unatulia, na nguvu nayo inashuka, ukirudi inauma pale pale. Mwaka 2007 watafiti wengine wa Uswidi walionyesha kwamba wenye kano kama hiyo wanaweza hata kuendelea kukimbia, maadamu uchungu haupiti 5 kati ya 10 na asubuhi ya pili umerudi ulipokuwa. Hiyo ni kanuni ya kano. Usimpe mwenye ufa wa mfupa.

Sasa video ya hilo zoezi inatumwa kwa kila anayesema kisigino. Lakini ikiwa uchungu uko chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, kushusha kisigino chini ya ngazi kunaibana na kuizidisha, huyo anafaa afanyie sakafuni. Na akiwa anaumwa chini ya kisigino, hatua ya kwanza tu akishuka kitandani kwenda kuswali Alfajiri kama amekanyaga msumari, hilo ni tatizo la unyayo na sio la kano hiyo kabisa. Sentimita chache zinabadilisha jibu lote.

Na wakati mwingine sio sentimita, ni mbali zaidi. Paa la makuti likivuja tone linaangukia mkeka wako, lakini tundu liko kule juu pembeni, maji yamefuata boriti. Uchungu wa goti unaweza kuanzia nyongani. Mtoto wa miaka kumi na mbili hivi anayelalamika goti na anachechemea, mpelekeni akaangaliwe nyonga, msimpake kitu.

“Kukimbia kunamaliza magoti”

Kila shangazi ashaniambia hili. Mwaka 2017 tafiti nyingi zilikusanywa pamoja, ikaonekana wakimbiaji wa kujifurahisha waliokuwa na magoti au nyonga zilizolika ni kama asilimia 3.5, wasiokimbia kabisa asilimia 10.2, na wale wa mashindano makubwa asilimia 13.3. Inawezekana pia wenye magoti mabovu waliacha kukimbia mapema, kwa hiyo tusiseme mbio ni dawa, lakini hofu kwamba kilomita tano za asubuhi zinakumaliza goti haina msingi. Mwenye uchungu kuzunguka pia ya goti akipanda ngazi au akikaa sana kitako kwa kawaida anataka apunguziwe mzigo na kuimarishwa paja na nyonga, hatakiwi kuambiwa aache maisha.

Kunyoosha viungo kabla ya kukimbia nako hakuzuii kuumia kama tunavyodhani, wanajeshi wapya 1,538 wa Australia walijaribiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2000, hapakuwa na tofauti ya maana. Viatu, vaa vinavyokukaa vizuri.

Wasioweza kuuliza

Kuna jambo linaniuma na halizungumzwi. Mwanamume akiumwa paja anapiga picha anatuma. Mwanamke wa hapa kwetu hawezi kufanya hivyo mbele ya wanaume arubaini, na mambo kama nyonga, kinena au siku zake hatoyataja kabisa. Na siku zake ni habari muhimu sana kwa mfupa. Mkimbiaji wa kike anayekula kidogo kuliko anachochoma, siku zikaanza kuruka au kukatika, mifupa yake inakosa ulinzi na ufa unakuja kwa urahisi. Watu wanamwambia mashallah umepungua. Dada zetu wanaokimbia kabla jua halijatoka wanahitaji mtu wao wa kumuuliza, mwanamke mwenzao, fizio (mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi) au muuguzi, na sisi tukiulizwa mbele ya watu tumwelekeze kwake bila kumhoji.

Vile vile mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), akisema mifupa yauma usimweke kwenye hesabu za mbio, huyo anajua anapotibiwa na aende.

Uulize vipi, ujibu vipi

Kabla ya mambo yote: maumivu ya kifua, mguu usiobeba uzito, uchungu wa usiku usiopoa, homa pamoja na kiungo kilichovimba, mgongo unaouma na ganzi sehemu za siri au mkojo usioshikika, haya hayaulizwi kwenye simu. Unavaa viatu unaenda, na ukiona mwenzako ameyaandika jibu lako ni moja tu, nenda sasa hivi, nikusindikize?

Kwa mengine, anayeuliza aandike mahali kwa kidole, tangu lini, kumekuja ghafla au pole pole, wiki nne zilizopita umeongeza nini, asubuhi kukoje, ukipata joto kunapungua au kunazidi, dawa gani ushameza. Siku hizi wengine wanaiuliza programu ya simu na nayo ni hivyo hivyo, ukiipa mshipa itakurudishia mshipa.

Anayejibu aanze na swali. Akitaka kusema yake aseme “mimi ilikuwa hivi, na fizio alinikuta na hiki”, asiseme “wewe una hiki”. Na kama hujui nyamaza, au andika pole, pole nayo ina kazi yake.

Mwezi uliopita dada mmoja aliniandikia faragha, na ruhusa ya kuweka maneno yake amenipa: “Nyuma ya kisigino cha kulia, juu kidogo ya mfupa, napashika kwa vidole viwili. Wiki tatu sasa, kumekuja pole pole. Nilikuwa nakimbia mara mbili, nimeongeza ikawa nne, mbili mchangani. Asubuhi kumekaza kama dakika kumi alafu kunaachia. Sijameza kitu. Usiku siumwi.” Nikamuuliza maji yalikuwaje siku zile za mchangani. Akasema yalikuwa yamejaa, alikimbia juu kwenye laini. Nikampa namba ya fizio wa kike, na nikamwambia mpaka amuone aache mchanga, arudi kwenye mara mbili.